Muulize Bibi Shamba: Droni tununue au tukodi?

Tangu mpunga uingie ghalani, barua za droni zimezidi hata zile za bei ya mbolea. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu vikundi vingine vimeniuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, navyo vichukue majibu yao humo humo.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mpunga Mbarali, mkoani Mbeya. Tuko wanachama 60 wenye jumla ya eka 210, kila mtu na majaruba yake. Tunapiga dawa mara tatu kwa msimu. Kwa bomba la mgongoni tunalipa shilingi 12,000 kwa eka, kibarua pamoja na mbeba maji, na vibarua wenyewe ni wachache: wa mwisho kwenye orodha hupigiwa dawa wiki mbili baada ya wa kwanza. Sasa amekuja kijana mwenye ndege nyuki, yaani droni, anayetaka 20,000 kwa eka. Wanachama wengine wanasema kuliko kumlipa yeye kila mwaka, bora tukope tununue ya kwetu. Tumepewa bei ya milioni 63 kwa mashine ya tangi la lita 40, na humo zimo betri, chaja na jenereta. Gunia la debe sita mwaka huu tumeuza 90,000. Tushauri. – Katibu, Mbarali

JIBU: Marahaba, Katibu. Msinunue. Kodini, na hata kukodi kuna masharti yake, nitayafikia.

Tuanze na hesabu, maana mkutano wenu hautakubali maneno matupu. Eka 210 mara tatu ni eka 630 kwa msimu. Kwa bei ya kijana hizo ni shilingi 12,600,000. Gawanya milioni 63 kwa hizo, unapata miaka mitano. Yaani hata mashine yenu ingeruka bila petroli ya jenereta, bila mshahara wa rubani, bila panga kuvunjika na bila riba ya benki, ingekuwa miaka mitano ndipo hela yenu irudi. Na betri hazitawasubiri kwa adabu miaka yote hiyo. Kila zinapochajiwa zinachoka, na bei ya betri mpya si ya kuchangishana kikaoni.

Najua yupo atakayesimama aseme, "Tutawapigia dawa na majirani." Haya, tumsikilize. Tuseme mnapata eka 3,000 kwa msimu, ndani na nje ya kikundi. Hizo ni milioni 60. Nusu iishie kwa rubani, msaidizi, petroli, usafiri, vipuri na bima. Zinabaki milioni 30, na mwaka wa tatu deni limekwisha. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini siku zenye utulivu wa kupiga dawa, ukiondoa za mvua na za upepo, tuziweke 40. Eka 3,000 kwa siku 40 ni eka 75 kila siku ya kazi, bila kuharibika hata siku moja. Matangazo ya DJI Agras T40, droni ya kupigia dawa yenye tangi la ukubwa huo, yanataja zaidi ya hekta 20 kwa saa. Hizo ni hekta za shamba tambarare lisilo na kizuizi, zilizopigwa kwa mstari mmoja mrefu. Kwenye majaruba yenu ya bonde la Usangu yenye mikuyu, nyaya za umeme na mipaka iliyopinda, punguzeni wenyewe. Tangi likijaa, mashine hiyo haikai hewani hata dakika kumi. Inarudi kunywa dawa na kubadilishiwa betri, inatoka tena. Kazi kubwa inafanyika pembeni ya shamba, kwenye ndoo na jenereta. Na wateja wa eka zote hizo atawatafuta nani, Katibu? Wewe, huku mpunga wako ukisubiri palizi?

Sasa ile 8,000 ya ziada mtakayomlipa kijana kwa eka. Mara tatu ni 24,000 kwa msimu. Debe lenu moja ni 15,000, kwa hiyo kila mwanachama anaulizwa debe moja na nusu na kidogo kwa eka. Je, atazirudisha? Aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya vibarua hatazirudisha, na akilalamika ana haki yake. Aliyekuwa wa mwisho atazirudisha na kubaki na chenji. Dawa nyingi za magugu yaliyokwisha kuota zinataka gugu likiwa na majani mawili hadi manne. Baada ya wiki mbili gugu limekomaa, dawa inalichoma ncha tu, na mwenye shamba anawaingiza wapaliliaji kwa hela ambayo hakuipangia. Faida ya droni kwenu iko hapo hasa: eka 210 ndani ya siku nne au tano, kila mtu kwa wakati wake. Mtu akiwaambia pia inapunguza dawa kwa nusu, mwombeni awaonyeshe ni wapi lebo inasema hivyo. Kipimo cha dawa kwa eka hakibadiliki. Kinachopungua ni maji. Bomba la mgongoni linataka lita kama 80 kwa eka, droni lita nne hadi nane. Ninyi mliosimama ndani ya maji mtaona si kitu. Mwenye mikorosho Newala, juu kule uwanda wa Makonde ambako maji ya kuchanganyia dawa hununuliwa kwa dumu, asome sentensi hiyo mara mbili.

Masharti niliyosema ni haya. La kwanza ndilo gumu, na halihusu mashine hata kidogo. Droni inataka eka nyingi zilizo pamoja na zenye umri mmoja. Kwenu, walio karibu na banio, pale maji yanapoingia mferejini, hupandikiza Desemba, walio mkiani mwa mfereji wanasubiri maji hadi Februari. Kijana akija siku moja atakuta mpunga wa wiki tatu umepakana na kitalu. Atapiga majaruba manane hapa, afungashe, ahame, apige matano kule, na safari ijayo bei itapanda kwa sababu muda wake mwingi unakwenda kwenye kuhama. Kwa hiyo kabla hamjazungumza naye, kaeni na kamati ya maji mgawe mfereji kwa kanda: kanda ya juu ipandikize ndani ya wiki moja, ya kati inayofuata, ya mkiani ya mwisho. Kisha mpeni kazi kwa kanda nzima, na hapo mtamshusha bei. Mtu mwenye eka 70 za pamoja ana nguvu ya kusema 16,000.

La pili ni jirani. Dawa ya droni inatoka kwa matone madogo, mita mbili hadi tatu juu ya mpunga, na upepo wa mapanga unaisukuma. Kama dawa yenu ya magugu ina 2,4-D, ile inayoua mimea ya majani mapana, na mama fulani amepanda nyanya au maharage kwenye kingo za mfereji, majani yake yatajikunja baada ya siku chache na mtakuwa mmenunua kesi. Pigeni alfajiri au jioni upepo ukiwa umelala, acheni ukanda wa majaruba ya mpakani yapigwe kwa bomba, na wenye mizinga ya nyuki waambiwe siku moja kabla. Mpunga ukiwa kwenye maua, msipige kati ya saa tatu na saa sita mchana, maana ndio muda maua yanafunguka.

La tatu, msimlipe kwa kuona mashine imepita. Kuna vikaratasi vya njano vinavyogeuka bluu pale tone la maji linapogusa. Fundi anayejua kazi yake anavyo. Asipokuwa navyo, hiyo nayo ni taarifa. Chukueni kama kumi, mvibane kwa vibanio vya nguo, vingine juu ya majani, vingine chini karibu na shina, katikati ya jaruba na pembeni. Mvishike kwenye ncha, kwa sababu jasho la vidole linavigeuza bluu kabla kazi haijaanza, na umande vilevile, kwa hiyo vitegeni kwenye zamu ya jioni, majani yakiwa makavu. Mashine ikipita, vikusanyeni. Vikiwa na vidoa vidogo vilivyotapakaa sawasawa, kazi nzuri. Vya katikati vikiwa bluu tupu na vya pembeni bado njano, anaruka kwa mistari iliyoachana mno. Vya juu vikiwa na vidoa na vya chini havina hata kimoja, basi mdudu anayekaa shinani hajaguswa. Mwambieni hapo hapo arekebishe, na awaonyeshe kwenye skrini ya rimoti ramani ya alikopita na lita alizomwaga.

Na kabla ya yote hayo, awaonyeshe kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na cheti chake cha kurusha. Mashine ya namna hiyo ikiwa imejaa inakaribia kilo 90. Ikiangukia watoto waliokuja kushangaa, na watakuja, mtaulizwa ninyi mliomwita.

Kuhusu kulipia eka: pimeni upya. Wengi wenu mnapima eka kwa hatua 70 kwa 70. Hatua hizo ni sawa kama kila moja ni yadi. Mtu mrefu anayetupa mguu mita nzima amepima mita za mraba 4,900, wakati eka ni 4,047 tu. Mwenye "eka tano" za hatua hizo ana eka sita na kidogo, na rimoti ya kijana itazihesabu zote. Simu yenye GPS inapima bure, msilipie hilo.

SWALI: Bibi Shamba, mimi ni mjane wa Kilolo, Iringa. Nina eka moja na nusu ya mahindi na kiwavijeshi ananimaliza kila mwaka. Nimesikia droni inaua wote kwa dakika tano. Naweza kuikodi peke yangu? – Mama wa watoto wanne

JIBU: Mama yangu, hapana. Kwa eka moja na nusu mwenye droni atakutoza nauli kuliko dawa. Na hata angekuja bure nisingemsifu sana. Kiwavijeshi vamizi, huyu aliyeingia nchini mwaka 2017, hujificha ndani ya moyo wa mmea na kujifunika kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Mkono wako, unaolenga nozo ndani ya ule moyo mmea kwa mmea, unamfikia kuliko matone yanayodondoka kutoka juu.

Mahindi yakishaota, pita shambani mara mbili kwa wiki pamoja na watoto. Tafuteni mayai yaliyorundikana kwenye jani, yamefunikwa na kitu kama utando wa pamba, myaponde kwa vidole. Viwavi wakiwa wadogo bado wanatoboa vidirisha kwenye majani, hapo dawa inafanya kazi. Wakishakuwa wanene na kuziba njia kwa kinyesi, unanywesha sumu mahindi tu. Hela uliyotaka kumpa mwenye droni nunua mbolea ya kukuzia.

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza diploma ya kilimo, niko Morogoro, ajira hakuna. Nina milioni 3.5 za kuanzia. Nataka kununua droni ndogo ya kamera niwapigie wakulima picha za mashamba na kuwauzia. Soko lipo? – Kijana wa Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkulima wa eka tatu hanunui picha ya shamba lake, analijua. Atakushukuru, atamwonyesha mkewe, atakuuliza kama unaweza kumpiga na yeye akiwa amesimama.

Anayelipa ni yule asiyeweza kuliona shamba lake. Hapo hapo mkoani kwako, Kilombero na Mtibwa, kuna wakulima wa miwa wanaouza viwandani. Muwa ukishapita kimo cha mtu huwezi kuingia katikati ukajua pengo liko wapi, moto uliishia wapi, au mfereji umepasukia wapi. Picha ya juu inasema. Wenye mkonge Tanga wana shida hiyo hiyo ya ukubwa. Bima ya mazao nayo inahitaji mtu wa kuthibitisha mafuriko yalifika mpaka gani. Hao ndio wateja, na hawataki picha. Wanataka karatasi moja iliyoandikwa: kipande hiki hakipati maji, hiki kina mapengo, hapa pana ekari mbili zilizolala, na hivi ndivyo nilivyokuta nilipokwenda kwa miguu na kung'oa shina. Hiyo ya mwisho ndiyo diploma yako. Kamera itakuonyesha doa la njano. Haijui kama ni ukosefu wa naitrojeni, maji yaliyotuama au mchwa.

Watu watakuuzia maneno kuhusu kamera za rangi nyingi. Ni za kweli: jani lenye afya hurudisha kwa wingi mwanga ambao jicho letu halioni, jani lililochoka hurudisha kidogo, na tofauti hiyo hujitokeza kabla jani halijageuka njano. Lakini kwa milioni 3.5 hupati kamera hiyo na mashine yake. Usijali. Satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupiga picha za aina hiyo hiyo bure, kila baada ya siku tano hivi, kila nukta ikiwa mita 10 kwa mita 10. Udhaifu wake ni mawingu ya masika na mashamba madogo kuliko nukta zake. Anza na hizo kwa miezi michache, kwenye kompyuta ya kuazima, ujifunze kusoma shamba la muwa kutoka juu. Ukishapata mteja mmoja anayerudi, ndipo ununue droni. Vibali usiviruke: TCAA kwanza, na kupiga picha za angani kunahitaji pia ridhaa ya upande wa ulinzi. Wasomaji wa Kenya, kwenu ni KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020. Kijana anayenyang'anywa mashine kituoni wiki ya kwanza amemaliza mtaji.

SWALI: Bibi, mtama wetu Kondoa unaliwa na kwelea kwelea. Tukinunua kidroni cha bei nafuu tukawa tunawafukuza nacho, itasaidia? – Mkulima wa mtama

JIBU: Watakimbia siku mbili tatu, watakuzoea, kisha watakula chini yake. Au watahamia kwa jirani, jirani naye anunue chake.

Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kila siku, na makundi ya kiasi hicho si hadithi. Hawa hupigwa jioni wakiwa wamekusanyika mahali wanapolala, kwenye matete au vichaka vya miiba, na kazi hiyo ni ya serikali. Zamani ilisubiri ndege ya kupulizia ije na rubani wake, ipate uwanja na mafuta. Siku hizi Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, inatumia ndege nyuki, na hapo mashine hii naisifu bila kusita: inaingia juu ya kichaka kimoja, inamwaga pale pale, haipulizii bonde zima.

Kazi yenu ni kutafuta wanapolala na kumwambia afisa kilimo mapema, mtama ukianza kujaza na siyo ukishaisha. Na kwa kuwa Kondoa mnawatega kwelea na kuwala, nisikilizeni vizuri: eneo likipigwa dawa, msiokote ndege hata mmoja. Sumu inayotumika sana, fenthioni, inaua hata bundi na mwewe wanaokula mizoga.

SWALI: Bibi Shamba, mimi ndiye kibarua wa bomba. Napiga dawa Igurusi na Ubaruku, nalipwa kwa eka, nalisha watu watano. Kila mtu sasa anasifia droni. Sisi tutakula wapi? Na usiniambie nikasome. – Mpiga dawa

JIBU: Kaka, sikuambii ukasome.

Mashine hii ilianzia kwa watu wasio na vibarua. Japani walikuwa na helikopta ndogo ya Yamaha ya kupulizia mpunga, R-50, tangu mwaka 1987, kwa sababu wakulima walikuwa wamezeeka na vijana wamekwenda mjini. Kwetu vijana mpo, mnakosekana wiki mbili tu za msimu, zile ambazo kila mtu anawataka siku moja. Hizo wiki mbili ndizo droni itachukua, na ndizo zilizokuwa zinakulipa vizuri. Siwezi kukuficha.

Hazitaisha zote. Majaruba ya mpakani, chini ya miti na nyaya, vipande vya eka moja moja na mboga za kiangazi vitabaki vya bomba. Hapo juu nimemwambia katibu wa Mbarali hivyo hivyo. Na droni moja inataka watu watatu: rubani, wa kuchanganya dawa na kujaza tangi, na wa kutangulia shambani kuangalia nguzo, matawi na watoto. Wewe unajua kila mti wa Igurusi na kila mwenye shamba anayechelewesha malipo, rubani aliyetoka mjini hajui. Mfuate kabla ya msimu, umwambie utamletea kanda nzima ya wateja, mkubaliane kwa eka na siyo kwa siku. Kama wapiga dawa mkienda watano pamoja, asipate wa kumtumia bila ninyi, mtapata bei nzuri zaidi.

Kuchanganya dawa ya droni ni hatari kuliko bomba, kwa kuwa maji ni kidogo na dawa ni kali. Dai glavu, miwani na buti kabla ya kuzungumza mshahara. Umeandika pia, kwenye ukurasa wa pili ambao sikuuchapa, kwamba ukishapiga dawa, usiku kichwa kinauma na macho yanaona ukungu. Nenda zahanati wiki hii, na kabla hujaondoka piga picha lebo za dawa zote ulizotumia msimu huu, mganga azisome.